Piper: katuni ya dakika sita niliyomwekea mwanangu anayeogopa maji

Mwanangu ana miaka mitano, kazaliwa hapahapa Mikindani, lakini maji ya bahari yakimfika kwenye vifundo vya miguu tu, kilio. Ndiyo maana nikamtafutia Piper, katuni fupi ya Pixar ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Alan Barillaro, iliyopata Oscar mwaka 2017.

Ni kisa cha kifaranga wa chamchanga, wale ndege wadogo tunaowaona ufukweni wakikimbizana na mawimbi. Mama yake hataki tena kumlisha, anamtaka ashuke akatafute makombe mwenyewe. Anashuka, wimbi linamfunika, anarudi kiotani akitetemeka, manyoya chapachapa. Picha imechorwa kwa usawa wa macho ya kifaranga, kwa hiyo wimbi ambalo mimi lingenilowesha nyayo tu linasimama kama ukuta. Mwanangu akanishika kanga. Nimekulia pwani, na siku zote nilimwona mtoto huyu ana deko; kumbe bahari anayoiona yeye ndiyo ile.

Hakuna neno hata moja, ni milio ya ndege, maji na muziki. Bibi yake, ambaye katuni za Kiingereza humchosha, alikaa mpaka mwisho, tena akawa anamsemea mama ndege: "Shuka, mwanangu, sitakulisha mpaka uzeeke."

Kinachoniudhi ni haraka ya mwisho. Kifaranga anamwiga kaa mdogo, anajifukia mchangani, wimbi linapita juu, anafumbua macho majini na kuyaona makombe yote. Basi, hofu imekwisha! Kuanzia hapo kila anapochimba anapata. Mtoto mwoga kweli haponi hivyo. Wangeacha wimbi la pili limtishe tena, hata kidogo. Na huko kujifukia kumenipa wasiwasi, maana watoto wa pwani huiga. Nilimwambia wazi kwamba hayo ni ya katuni, wewe wimbi likija kimbilia kwa mama.

Iangalieni kwenye TV. Kwenye simu chembe za mchanga na povu la maji, ambavyo ndivyo utamu wenyewe, vinapotea.

Siku ya bamvua, maji yalipokupwa, tuliteremka na bibi kuokota makombe. Mwanangu alisimama muda mrefu penye mchanga mkavu, kisha akauliza wale kaa wako wapi. Hakusogea hatua moja zaidi, ila hakulia.