TAHADHARI: Seti za "wotapruf" za boti za rimoti, kuna mtu anapiga watu hela na betri zake ni za hatari

Wakuu mnaocheza na boti za rimoti, someni hii kabla hamjatuma hela popote. Kuna jamaa anauza kitu anakiita seti ya wotapruf, ndani kuna spidi kontrola (bodi inayoongoza kasi ya mota), kiboksi cha risiva (kinachopokea amri za rimoti) na betri ya lipo (lithiamu-polima) iliyovalishwa mpira mweusi, vyote vimebandikwa stika ya IP68 (alama ya kuzuia vumbi na maji), na maelezo yake yanasema hata boti ipinduke izame kabisa hakuna kitakachoharibika. Jina la akaunti silitaji kwa sababu halitawasaidia kitu, leo yuko na akaunti hii kesho nyingine, picha zile zile, maelezo yale yale, mpaka makosa ya herufi yale yale. Mtamjua kwa mzigo wake na kwa jinsi anavyoongea, kwa hiyo nawaelezea vyote viwili.

Tuanze na ile klipu maana ndiyo inayonasa watu. Mmeiona wengi, spidi kontrola imezamishwa kwenye glasi ya maji, mota nayo imo humo humo inazunguka, taa inawaka, na chini watu wanashangilia. Jamani hilo ni changa la macho. Maji ya bomba yanapitisha umeme kidogo sana, kwa hiyo bodi tupu kabisa isiyopakwa chochote ukiizamisha humo kwa volti za betri ya boti inaweza kuendelea kufanya kazi vizuri tu kwa muda. Kinachoiua kinakuja baadaye, umeme ukiwa unapita kwenye maji shaba ya upande wa chanya inaanza kuliwa, unaanza kuona ukijani kwenye miguu ya vipuri, solda inapauka, halafu siku moja uko katikati ya bwawa boti inasimama au mbaya zaidi inakwenda spidi yote na haisikii rimoti. Na hiyo mota kuzunguka ndani ya maji wala si ajabu, mota yoyote ya brashlesi (isiyo na brashi) ya waya tatu inazunguka majini, koili zake zina vanishi tayari, kinachoumia ni beringi zinazoshika kutu usipozipaka mafuta. Kwa hiyo klipu nzima haijathibitisha kitu hata kimoja. Mwambieni atie chumvi kwenye hiyo glasi halafu aiache imechomekwa usiku kucha. Maji ya bahari yanapitisha umeme kama mara mia kuliko ya bomba. Kila aliyemuomba hivyo kablokiwa, ndiyo jibu lake hilo.

Sasa nilichokikuta ndani. Niliichana kwa wembe hitishrinki ya spidi kontrola, yani ule mpira unaobana ukipashwa joto, na chini yake kuna bodi tupu, haina vanishi, haina epoksi, haina chochote. Kilichofanyika ni gundi ya moto, ile ya fimbo, imemwagwa pale waya zinapoingia, basi. Gundi ya moto ikipata joto la spidi kontrola inalainika na kuachia, kila mtu aliyewahi kushika spidi kontrola baada ya kukimbiza boti anajua lile joto. Na hata isingeachia, maji yanapita ndani ya waya wenyewe, yani katikati ya nyuzi za shaba chini ya ganda la plastiki, yananyonywa taratibu kutoka kwenye konekta mpaka kwenye bodi. Kwenye kiboksi cha risiva kidogo alijitahidi, kapaka silikoni, lakini ukifungua inanuka siki. Silikoni yenye harufu ya siki inatoa asidi wakati inakauka na hiyo asidi inakula shaba, ni ya kuzibia mabomba na sinki, haitakiwi kukaribia sakiti. Ya elektroniki ipo na haina hiyo harufu. Kwa hiyo hapo hata usipoingiza boti majini kabisa risiva yako inaweza kuoza kwenye kabati.

Bodi iliyozibwa kweli utaitambua kwa macho, ama imezamishwa kwenye epoksi huoni vipuri ama ina kautando kanakong'aa kamepakwa pote mpaka chini ya konekta. Kama muuzaji hataki kukutumia picha ya bodi ikiwa wazi, achana naye.

Halafu hiyo IP68. Hizi namba si mapambo, zinatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. 4 maana yake inavumilia kurushiwa maji, 7 maana yake inazamishwa mpaka mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni zaidi ya hapo, lakini kwa 8 mtengenezaji lazima aseme mwenyewe ni kina gani na muda gani. Stika ya huyu jamaa haina kina, haina muda, haina chochote, ni herufi mbili na namba mbili tu kama ameandika tarehe. Na vipimo hivyo vya kuzamisha vinafanywa kwenye maji masafi yaliyotulia, si kwenye boti iliyopinduka ikiwa kwenye spidi kubwa maji yakisukumwa kwa nguvu kwenye kila tundu, na wala si kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo hata ile IP67 ya kweli ichukulieni kama akiba, msiichukulie kama ruhusa.

Betri sasa. Hapa ndipo nilipoamua niandike, maana hela ukiibiwa utatafuta nyingine. Seli ya lipo yenyewe tayari imefungwa kwenye mfuko wake haipitishi maji, kwa hiyo mtu akikwambia ameifanya wotapruf muulize amefanya wotapruf kitu gani. Sehemu dhaifu ni pale waya zinaposhikana na seli, ile bodi ndogo ya juu, na waya wa balansi (ule mwembamba wa kusawazisha seli wakati wa kuchaji) ambao ncha zake ziko wazi. Maji hasa ya chumvi yakiingia kwenye ule mdomo wa balansi umeme unaanza kuvuja kati ya pini na pini, seli moja inashuka kuliko nyingine, pini zinaoza, na we hujui chochote kwa sababu boti inaendelea kutembea. Huyu jamaa yeye mdomo wa balansi kauacha vile vile wazi! Alichofanya ni kuzungushia sponji, juu yake mpira mnene wa hitishrinki, akabandika stika. Maana yake maji yakiingia yanakaa mle mle kwenye sponji hayakauki, na kibaya zaidi huo mpira unakuficha usione betri ikianza kuvimba. Lipo iliyovimba ndiyo inakupa taarifa kwamba haiko salama, sasa yeye kaifunga mdomo.

Na ukubwa ni uongo pia. Stika inasema 3S 5000mAh, yani seli tatu zilizofuatana, ampea-saa 5. Piga hesabu, volti 11.1 mara 5 ni kama wati-saa 55, na lipo ya kweli ya ukubwa huo inakuwa na gramu 350 mpaka 400 hivi. Yake ukiiweka kwenye mizani ni karibu nusu ya hapo, na humo umeshahesabu sponji na mpira. Mizani ya jikoni inatosha, huhitaji kifaa cha kitaalamu.

Kilichonikasirisha kuliko vyote ni ushauri anaowapa watu wakilalamika. Mtu anamwandikia kwamba boti imeingia maji na betri imelowa, yeye anamjibu aianike juani mpaka ikauke halafu aichaji kama kawaida. JAMANI MSIFANYE HIVYO. Lipo haitakiwi kupata joto kali, jua la moja kwa moja ukijumlisha na mpira mweusi ni hatari tupu, na betri iliyolowa ambayo seli zake zimeshapishana volti ukiisukumia umeme inaweza kuwaka moto ndani kwako. Kama mfuko wa seli umetoboka ndiyo kabisa, chumvi ya lithiamu iliyo ndani ikikutana na maji inatengeneza asidi ya haidrofloriki, ni sumu, inachoma ngozi na mapafu, hutaki kunusa huo moshi. Betri iliyolowa ichomoe kwenye boti mara moja, usiiache imefungiwa chini ya kifuniko, itoe nje uiweke kwenye mchanga au zege mbali na kitu chochote kinachoshika moto, vua hiyo mipira yote uitazame. Imevimba, inanuka tamu tamu hivi, ina joto bila kazi? Usiichaji tena kamwe, ipelekwe panapopokelewa betri mbovu. Kama inaonekana nzima, iache huko huko nje kwa muda wa kutosha, halafu pima kila seli kwa mita ya volti. Seli iliyoshuka chini ya volti 3 au iliyoachana sana na wenzake, hiyo betri imekwisha, usijaribu kuifufua.

Najua kuna watakaouliza basi tufanyeje maji yasiingie. Kwanza kubalini kwamba hakuna seti itakayowaokoa kama ganda la boti lenyewe linavuja, na maji yana njia zake zinajulikana. Njia kubwa ni bomba la shafti, lile linalotoka kwenye mota kwenda kwenye propela, lisipojazwa grisi maji yanapanda nalo kama mrija, na grisi hiyo inaisha kwa hiyo inaongezwa mara kwa mara, si siku ya kununua tu. Kuna kijiti cha sevo (mota ndogo ya kukata kona) kinachokwenda kwenye usukani, kifuko chake cha mpira chenye mikunjo kinatakiwa kiwe kizima. Kuna mipira ya kupoozea, hii wengi wanaisahau, maji yanaingia kupitia katundu ka nyuma yanazunguka kwenye mota na spidi kontrola yanatoka ubavuni, mpira mmoja ukichomoka boti inajipampia maji ndani yenyewe, kwa hiyo kaza kila ncha kwa zip tai. Kifuniko kipige tepu safi kila unapoingia majini, ile ya jana imeshachoka. Na weka povu gumu ndani kwenye nafasi zilizobaki, halizuii maji lakini boti ikijaa itaelea uikute. Risiva iweke juu kabisa ndani ya puto lililofungwa vizuri, antena ncha yake juu, kwa sababu mawimbi ya rimoti ya 2.4GHz yakishafunikwa na maji yanakufa hapo hapo, boti iliyozama huiamrishi kitu hata risiva ingekuwa ya chuma cha pua. Ukitoka majini fungua kifuniko kiachwe wazi. Kama ilikuwa maji ya chumvi suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kisha pitisha spiriti ya aisopropili kwenye elektroniki. Na mchele wekeni sufuriani, hautoi chumvi wala hauzuii kutu.

Turudi kwa tapeli wetu, jinsi anavyocheza. Anakwambia ofa inaisha leo, anakuomba ulipe nje ya mfumo wa tovuti ili akupunguzie, hapo ndipo unapopoteza kila kinga uliyokuwa nayo. Mzigo unakuja kweli, siyo kwamba hatumi, na hii ndiyo inafanya watu wachelewe kushtuka maana kitu kinafanya kazi mara za mwanzo. Kikifa anakuuliza kama umefungua ile hitishrinki. Ukisema ndiyo, garantii imekufa. Ukisema hapana, anakuonyesha karatasi iliyokuwa chini kabisa ya boksi, maandishi kama ya sisimizi, imeandikwa garantii haihusu uharibifu wa maji. Kitu cha wotapruf! Nilicheka peke yangu nilipoisoma. Na zile sifa za wateja kwenye ukurasa wake, sogezeni picha muangalie vizuri, boti ni ile ile, meza ni ile ile, majina tofauti.

Kama umeshaagiza na mzigo uko njiani, usibofye umepokea. Rekodi video unapofungua bila kukata, pima betri kwenye mizani kamera ikiona, usichomeke kitu, kisha fungua malalamiko kwenye tovuti au benki yako kwamba ulichopata sicho kilichoelezwa, uzito peke yake ni ushahidi mzuri kwa hiyo usiingie naye kwenye mabishano ya maji yaliingiaje. Kama umelipa nje ya mfumo bado mpigie aliyepitisha malipo mapema, siku zikipita inakuwa ngumu. Na kama seti iko ndani ya boti yako sasa hivi, katoe betri leo. Usisubiri wikiendi.

Nyongeza, nimeletewa skrinshoti ya akaunti yake mpya. Baada ya watu kumsumbua kuhusu IP68 kaondoa ile stika, sasa kaandika IP69, inaonekana alidhani namba ikipanda ndiyo bora. Hiyo ni ya mashine zinazooshwa kwa maji ya moto ya presha kubwa, haihusiani na kuzama. Gundi ya moto inaonekana pale pale kwenye picha, na mdomo wa balansi bado uko wazi.