Mtoto akilia: kumbeba papo hapo au kusubiri kidogo?

Kwa kumtuliza mtoto, kumbeba papo hapo kunashinda, hasa miezi ya mwanzo. Kichanga hadeki, bado hajaweza kujituliza mwenyewe. Mwaka 1972 watafiti wa watoto Silvia Bell na Mary Ainsworth waliripoti kwamba watoto walioitikiwa upesi walikuwa wakilia kidogo zaidi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza.

Kwa nguvu za mama, kusubiri dakika moja mbili kunashinda. Na hili si dogo, kwa sababu mtoto husoma uso. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Edward Tronick ya miaka ya 1970, mama aliacha ghafla kuonyesha hisia yoyote. Mtoto alitabasamu, akanyoosha mikono, kisha akageuza uso na kulia. Kwa hiyo ukihisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, vuta pumzi, ndipo umrudie. Huko si kumtupa.

Halafu kuna tabia ya kuzaliwa nayo. Madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess, walioanza kufuatilia watoto New York mwaka 1956, walitofautisha watoto wepesi, wagumu na wanaozoea mambo polepole. Mwepesi hunung'unika kidogo, akapata kidole chake, akalala. Ukimwahi unamwamsha bure. Mgumu ukimsubiri kilio chake kinapanda hadi anatetemeka, na kumtuliza hapo ni kazi ya saa nzima. Huyo mbebe mapema. Ila kama huzuni yako mwenyewe haiishi wiki baada ya wiki, mwone mhudumu wa afya kwanza.