Lavenda na difyuza usiku wa fataki: uzoefu wangu nikiwa na mbwa na paka ndani

Simba wangu ni mbwa mkubwa tu, kilo 28, lakini fataki ya kwanza ikilia anakimbilia bafuni anajibana kati ya ukuta na choo, anahema ulimi nje, mate yanamdondoka, anatetemeka mwili mzima na hatoki hapo mpaka alfajiri hata umwite vipi. Zuri, paka, yeye hana kelele, anaingia uvunguni na humwoni tena mpaka kesho yake jioni. Nimekaa na hali hii miaka kadhaa kabla sijaanza kutafuta msaada, na ukianza kuuliza tu kitu cha kwanza utakachoambiwa ni mafuta ya lavenda, yale ya kunukia ya kichupa kidogo, weka kwenye difyuza, kile kifaa cha kusambaza harufu hewani, nyumba nzima inatulia. Nikanunua. Sasa nimeyatumia mwaka mpya mara 3 na nasema mapema kabisa ili hata usipofika mwisho uwe umelipata: kwa mbwa yanasaidia kidogo, tena kwa masharti, kwa paka usiyawashe kabisa.

Mwaka wa kwanza nilikosea karibu kila kitu. Nilichukua mchanganyiko uliokua umeandikwa mbele kwa herufi kubwa kwamba ni salama kwa wanyama, nyuma ya kichupa hakuna orodha ya kilichomo, kuna maneno tu "mafuta asilia ya mimea", na mi nikaona kama ni asilia basi hayana neno. Difyuza yenyewe ni ile ya maji, unajaza maji unadondoshea mafuta, chini kuna kisahani kinachotikisika kwa kasi sana mpaka maji yanakua ukungu. Nikadondosha matone 10 maana nilitaka yafanye kazi haraka. Alafu kwa sababu ya kelele nilikua nimefunga madirisha yote, mapazia yote, mlango umefungwa, tuko wote sebuleni, ukungu hauna pa kutokea. Nusu saa haijaisha mi mwenyewe kichwa kimeanza kuuma, Simba yuko mlangoni anakwaruza anataka kutoka, nikadhani ni fataki, kumbe fataki zilikua hata hazijaanza, alikua anaikimbia ile harufu. Kumtafuta Zuri namkuta nyuma ya kochi mate yamemlowanisha mpaka kifuani, macho kayafinya, anapiga chafya na kujilamba, anajilamba tu hapumziki.

Nilizima, nikafungua madirisha, nikamhamisha, nikampigia dokta wa wanyama huku mikono inatetemeka. Aliniuliza ni mafuta gani, kiasi gani, na je yamemmwagikia au ameyavuta tu kwenye hewa. Hilo la kwanza sikuwa na jibu, na mpaka leo linaniuma, kwamba nimemwekea mnyama wangu kitu hewani na siwezi hata kukitaja. Akaniambia nimwoshe manyoya kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, nimkaushe vizuri asipate baridi, na nisimtapishe kwa namna yoyote ile wala nisimpe ule mkaa wa dawa, kwa sababu akitapika mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu na hapo tatizo linakua kubwa kuliko la mwanzo. Alafu nimwangalie anavyopumua na anavyotembea, akianza kuyumba au kutetemeka au kulegea au kuhema mdomo wazi nisisubiri kupambazuke, nimpeleke na kichupa mkononi. Namshukuru Mungu hakufika huko, alfajiri alikua amekaa sawa.

Nilimpeleka hivyo hivyo asubuhi, na hapo ndo nikaelezwa mambo ambayo yangepaswa kuandikwa kwenye kichupa. Ini la paka lina upungufu, kuna kimeng'enya ambacho kwa binadamu na mbwa kinashika vitu kama fenoli, kemikali zilizomo kwenye baadhi ya mafuta ya mimea, na kuvifanya viweze kutoka mwilini, kwa paka kinafanya kazi kidogo mno, kwa hiyo kitu ambacho mwili wangu unakitoa upesi kwake kinabaki na kulimbikizana. Na ule ukungu sio harufu peke yake, ni vitone vidogo sana vya mafuta yenyewe vinaelea alafu vinashuka vinatua kwenye manyoya, na paka si anajilamba kutwa. Yani anayavuta, yanamwingia kwenye ngozi, alafu anayala. Akanitajia mafuta mabaya zaidi: ya tii-tri (tea tree) ndo ya kuogopwa sana, yale yasiyozimuliwa ukimpaka mnyama kwenye ngozi, awe mbwa awe paka, anaweza kuishiwa nguvu miguu ya nyuma na kuanza kuyumba. Mengine ni mkaratusi, mdalasini, karafuu, msonobari, mnanaa, ilang-ilang, ya maganda ya machungwa na limau, na wintagrini ambayo ni ndugu wa aspirini. Na lavenda nayo usidhani imesalimika, shirika la kutetea wanyama la ASPCA la Marekani limeuweka mmea wake kwenye orodha ya mimea yenye sumu kwa mbwa, paka na farasi, na vitu wanavyovitaja, linaloli na linalili asetati, ndo hivyo hivyo vinavyoipa lavenda ile harufu tunayoifuata. Kunusa kidogo sio sawa na kula, lakini ndo ujue uko karibu na nini.

Kuna kitu kingine nilikigundua mwenyewe wiki chache baadae. Nilifungua kile kichupa nikitaka kukisafisha nikitupe, Simba alikua amelala kwenye mkeka, harufu ilipomfikia tu akanyanyuka akaenda zake bafuni akajibana kulekule. Mchana kweupe, hakuna fataki hata moja. Kwake ile harufu ilikua imeshakua ndo harufu ya usiku wa hofu. Iliniuma sana, na ndo maana namwambia kila mtu, usimwekee mnyama harufu mpya kwa mara ya kwanza usiku wenyewe wa fataki, atakuja kuifunga na hofu yake na huwezi kumweleza.

Mwaka wa pili nikaanza upya. Difyuza nikaiweka kabatini, nikatafuta lavenda tupu yenye jina la mmea la kisayansi kwenye kichupa, Lavandula angustifolia, na nikawa naweka tone 1 kwenye kitambaa, nasubiri kikauke, nakiweka pembeni ya mkeka wa Simba sehemu ambayo asipokitaka anaweza kuondoka, mlango wazi. Sio kwenye kola, sio kwenye manyoya, sio kwenye maji yake ya kunywa (nimeona watu wanashauri hivyo, tafadhali usifanye). Nilianza mwezi mzima kabla, kila siku muda ule ule anaopumzika, namkandakanda shingo na mgongo, naongea nae taratibu, dakika 20 nakitoa. Chumba anacholala Zuri kitambaa hakiingii, hata kwa bahati mbaya, nakifungia kwenye chombo chenye mfuniko.

Na lavenda kwa mbwa sio hadithi tupu. Mtafiti Deborah Wells wa Chuo Kikuu cha Queen's kule Belfast alichapisha mwaka 2006 utafiti wa mbwa 32 ambao wakipanda gari wanapagawa, kukiwa na harufu ya lavenda walikaa na kulala zaidi, wakazunguka na kubweka kidogo. Mwaka mmoja kabla yeye na wenzake walijaribu kwa mbwa 55 wa kwenye makazi ya mbwa wasio na wenyewe, lavenda na kamomili ziliwafanya wapumzike zaidi, rozmeri na mnanaa ziliwachangamsha, kwa hiyo sio kila mafuta yanayonukia vizuri yanatuliza. Nilipoyasoma hayo nikajipa moyo. Lakini angalia vizuri, mbwa wa kwenye gari na fataki ni vitu 2 tofauti, gari linatembea na kelele zake anazizoea, fataki inalipuka bila taarifa, na mbwa anasikia sauti nyembamba mpaka kwenye hezi 45,000 wakati sisi tunaishia 20,000.

Na ndo ilivyokua. Jioni ya mwaka mpya Simba alilala kwenye mkeka wake vizuri kabisa, kichwa juu ya miguu, nikafurahi kama mtoto, moja moja za mbali zikilia anainua sikio anarudi. Ilipofika zile za karibu, zile kubwa zinazotikisa vioo, lavenda haikua na kazi tena. Bafuni. Tofauti niliyoiona ni kwamba alitoka saa 9 usiku badala ya alfajiri, na siwezi kuapa kwamba ni mafuta na sio kukandwa kwa mwezi mzima.

Baada ya hapo ndo nikakutana na utafiti wa Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, wa mwaka 2020, aliwauliza wenye mbwa 1,225 nini kiliwasaidia na fataki. Mafuta ya kunukia, feromoni (zile kemikali za kuiga ishara ambazo wanyama hupeana kwa kunusa), dawa za mitishamba na vinginevyo vya jamii hiyo, waliosema vimesaidia walikua kati ya asilimia 27 na 35 tu, na mwenyewe akasema hiyo haizidi kile unachokipata mtu akiamini tu kwamba kitu kinafanya kazi. Fulana za kumbana mbwa mwili ili atulie, asilimia 44. Mafunzo ya kutulia 69, dawa za kuandikiwa na daktari 69, na kitu kilichoongoza, zaidi ya asilimia 70, ni kumpa mbwa kitu kizuri au mchezo kila mlipuko unapolia. Nilisoma mara 2. Miaka yote hiyo nahangaika na vichupa na kumbe kilichoongoza ni vipande vya nyama mfukoni.

Basi mwaka wa 3 nilifanya hivyo na hapa ndo naona mabadiliko ya kweli. Mlipuko, nyama. Mlipuko, nyama. Sio nyama alafu mlipuko, mlipuko uanze, alafu ndani ya sekunde nyama imefika mdomoni, iwe imelia kwa mbali au kwa karibu, awe anatetemeka au hatetemeki. Kuna wanaosema ukimbembeleza mbwa anayeogopa unamfundisha kuogopa, hapana jamani, hofu sio tabia anayoichagua ili apewe zawadi, huwezi kuiongeza kwa kumpa kitu kizuri, kwa hiyo akija kujilaza kwako mkumbatie. Na kwa sababu Simba hofu yake ni kubwa, akiogopa sana hata nyama haitaki, dokta alimwandikia dawa ya wasiwasi, tuliijaribu wiki 2 kabla siku ya utulivu tuone inamchukuaje, alafu usiku wenyewe akapewa kabla fataki hazijaanza. Nilimuuliza kuhusu asepromazini, dawa ya kulegeza wanyama, maana jirani anampa mbwa wake, akasema ikiwa peke yake hapendi kuitumia kwa hofu ya kelele kwa sababu inalegeza mwili lakini hofu inabaki ndani, mnyama anasikia kila kitu na hawezi kukimbia. Hilo lilinikaa sana moyoni.

Usiku ule tulikaa kwenye korido, hakuna dirisha, feni inavuma, redio iko juu kidogo, ameshatembezwa mapema kabla ya giza na kola yake ina namba ya simu. Kitambaa cha lavenda kilikuwepo. Alitetemeka zile kubwa zilipoanza, akaenda mpaka mlango wa bafuni, nikamwita akarudi. Akala. Akalala kabla fataki hazijaisha, sijawahi kuona hicho kitu toka nimchukue.

Kwa hiyo nikiulizwa nitoe alama: mafuta ya lavenda kwa mbwa nayapa 2 kati ya 5, na hizo 2 ni za yale mazoea ya mwezi mzima ya kitambaa na kukandwa, kichupa peke yake kisingezipata. Mchanganyiko usio na orodha ya kilichomo hauna alama. Difyuza ya ukungu kama mashine haina tatizo, inazima yenyewe maji yakiisha na haina kelele, ila kwenye nyumba yenye wanyama sasa inawekwa maji matupu basi. Kama una ndege ndani usiwashe chochote cha kunukia, mapafu ya ndege na vile vifuko vyake vya hewa vinachukua kila kilichopo hewani, anaweza kuanguka kabla hujajua kuna tatizo. Mnyama mwenye pumu, mwenye mimba au mdogo sana hivyo hivyo, achana nayo. Na watu wanachanganya mafuta haya na feromoni za kuchomeka ukutani, zile ni kitu kingine, hazinuki kwetu wala sio mafuta ya mimea, Zuri nilimwekea na sikuona ubaya, faida nayo sijaiona sana.

Kichupa changu kinakaa kabati la juu lenye kufuli, kwa sababu kikianguka kikipasuka paka anakanyaga alafu analamba miguu. Zuri mwaka huu nilimwandalia boksi kubwa lililofunikwa blanketi zito kwenye chumba cha ndani, sanduku lake la mchanga karibu, maji, mlango nimeurudishia, hakuna harufu yoyote. Saa 8 usiku nilisikia kitu kinatafuna, kuchungulia ni yeye, katoka mwenyewe anakula.