Muziki wa kununua kwenye Linux Mint: kucheza ni rahisi, kulipa ndiko kwenye kazi

Wanaoiona kompyuta yangu huniuliza kama "hiyo Linux yako" inacheza muziki. Inacheza, tena kabla hujasakinisha chochote cha ziada, kwa hiyo hilo tulimalize mapema. Penye maneno ni dukani: nani atakuuzia wimbo, utamlipaje ukiwa Nairobi, na ukishalipa atakupa nini mkononi.

Natumia Linux Mint 22, mfumo wa kompyuta wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye laptopu ya ThinkPad ya mtumba, zile zinazouzwa katikati ya mji zikiwa zimeshatumika ofisini huko Ulaya. Windows niliifuta siku ileile niliyoinunua na sijaikumbuka.

Duka la muziki nalipima kwa jambo moja: je, linanipa faili, na faili hilo litacheza popote bila kuomba ruhusa ya mtu? Mwenye Windows anaweza kununua kwanza akauliza baadaye. Sisi wa Linux hatuna nafasi hiyo, maana kuna maduka yanayokutaka usakinishe programu yao ya kupakulia, na programu yenyewe haikutengenezewa mfumo wetu. Duka moja lilipokea pesa zangu bila shida, kisha likanielekeza kwenye kipakuzi cha Windows. Nilipowaandikia, walinijibu kwa upole kwamba niazime kompyuta ya mwenzangu. Sikurudi huko.

Wakongwe wa Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, watakumbuka duka la Ubuntu One Music Store, lililokuja na Ubuntu 10.04 mwaka 2010 likiwa ndani ya Rhythmbox kabisa, programu ya kuchezea muziki: unasikiliza, unalipa, wimbo unaingia kwenye maktaba yako. Lilifungwa mwaka 2014. Aliyenunua wakati ule na kuzihifadhi MP3 zake bado anazisikiliza, kwa sababu hazikuwa na kufuli ya kidijitali ya kuzuia kunakili. Ndiyo maana sijali sana duka linapendeza kiasi gani. Naangalia nitabaki na nini siku likifunga milango.

Kwa sasa nanunua Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Wanamuziki na lebo ndogo huweka kazi zao na kutaja bei, wengine wakimwachia mnunuzi aamue. Duka hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, isipokuwa zile Ijumaa maalumu zilizoanza Machi 2020 wakati wa korona, ambapo halikati fungu lake. Mimi hujiwekea orodha na kuzisubiri. Kila kitu hufanyika kwenye kivinjari, na Firefox inatosha. Ukishalipa, unachagua umbizo, yaani aina ya faili: MP3, FLAC, Ogg Vorbis, AAC, WAV na mengineyo. Ukibadili nia kesho, unarudi kuchukua jingine bila kulipa tena.

Kilichonivuta huko hasa ni nyimbo za kwetu. Joseph Kamaru, gwiji wa benga ya Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, ana mjukuu ambaye naye ni Joseph Kamaru, anayejulikana kwa jina la KMRU na anayefanya muziki wa kielektroniki. Mjukuu huyo amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake kupitia Bandcamp. Zamani nyimbo hizo ungezunguka mtaa wa River Road, Nairobi, ukitafuta kanda, na ukiipata imeshachoka. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala nao wako huko. Ndio waliotoa mwaka 2020 albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi wenye muziki wa metali wa kukosanisha mtu na majirani.

Sasa pesa. Bandcamp inapokea kadi na PayPal. Hakuna Till wala Paybill. Kadi yangu ya benki ilikataa malipo ya nje ya nchi hadi nikaenda tawini kujaza fomu, karatasi mbili za kuomba ruhusa ya kununua kitu kisichoshikika. Njia iliyonifaa ni M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa isiyo na plastiki ambayo Safaricom iliileta mwaka 2022. Unaifungua kwenye programu ya M-Pesa au kwa *334#, unapewa nambari ya kadi na tarehe ya mwisho, na pesa hutoka moja kwa moja kwenye salio lako la M-Pesa. Zile tarakimu tatu za usalama huziombi mara moja ukakaa nazo. Unaziomba unapotaka kulipa, na baada ya muda mfupi hazifai tena.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: jaza kikapu, andika jina na anwani, hakikisha salio lipo, halafu ndipo uombe zile tarakimu. Ukiziomba kwanza kisha uanze kusikiliza vionjo vya albamu nyingine, zitaisha kabla hujafika kwenye malipo. Jambo jingine, kiwango cha dola utakachokatwa si kile unachokiona ukitafuta mtandaoni. Huwa juu kidogo, kwa hiyo usiache salio likiwa limebana kabisa.

Umbizo. FLAC haipotezi chochote kilichokuwa kwenye rekodi, na ni ya chanzo huria, yaani yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bure, tangu 2001. Albamu ya dakika 40 kwa ubora wa CD hufika kama megabaiti 250, wakati MP3 ya kiwango cha juu, yaani kilobiti 320 kwa sekunde, haizidi sana 95. Ukitumia bando la simu, tofauti hiyo utaiona. Mimi hupakua FLAC nikiwa kwenye Wi-Fi na kuihifadhi kwenye diski ya nje, kisha narudi kuchukua MP3 kwa ajili ya simu. Zamani MP3 kwenye Linux ilikuwa na vikwazo vya hataza, yaani haki za wavumbuzi wake, na mifumo mingi ilikutaka uongeze kifurushi mwenyewe. Hataza hizo ziliisha 2017 na kero yenyewe ikaisha.

Kwa kuchezea, Rhythmbox inakuja na Mint na inawatosha wengi. Mimi nilihamia Strawberry, programu nyingine ya muziki, mjukuu wa programu ya zamani ya Amarok kwa upande wa Clementine, kwa sababu moja tu: inapanga mafaili. Mafaili ya Bandcamp huja na majina marefu, msanii, albamu, nambari, wimbo, yote kwenye mstari mmoja. Strawberry huyasoma na kuyaweka kwenye folda zake kwa utaratibu unaoutaka wewe. Ila muziki wa zamani wa Afrika Mashariki una balaa lake: jina la bendi moja limeandikwa kwa namna tatu, na maktaba yako inaamini ni bendi tatu. Picard, programu ya kutambua nyimbo na kuzijazia majina, husaidia kwa zile zinazojulikana ulimwenguni. Kwa santuri nyingi za kwetu utafungua Kid3, programu ya kuhariri maelezo ya faili la wimbo, na kuandika mwenyewe, jioni nzima, ukibishana na kumbukumbu ya baba yako kuhusu nani alipiga gitaa.

Sauti sina malalamiko nayo. Mint 22 inatumia PipeWire, programu inayosimamia sauti ya kompyuta, na kifaa cha USB cha kugeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti nilichokinunua mtaa wa Luthuli, Nairobi, kilitambuliwa papo hapo, bila kuwekewa chochote. Kwa hedifoni za bluetooth, sakinisha pavucontrol, programu ya kurekebisha sauti, uchague mwenyewe kodeki, yaani namna ya kubana sauti ili isafiri hewani, kwa mfano LDAC kama hedifoni zako zinaikubali. Kinachoudhi ni simu za mkutano: maikrofoni ya hedifoni ikiamka tu, muziki unashuka hadi ubora wa simu ya kibanda, na wakati mwingine haupandi hadi uirudishe kwa mkono.

Na Spotify je? Iko Kenya tangu 2021, ina programu ya Linux ambayo kampuni yenyewe inasema haiitegemezi rasmi, au unaitumia kwenye kivinjari baada ya kuiruhusu Firefox icheze vyenye kufuli. Inafanya kazi. Unakodi tu.

Upungufu mkubwa wa njia yangu ni kwamba gengetone, muziki wa vijana wa mitaa ya Nairobi, na vibao vinavyopigwa kwenye matatu za sasa huvikuti Bandcamp kwa urahisi. Kwa hivyo, naingia Mdundo, iliyoanzia hapahapa Nairobi, ambapo MP3 zinapakuliwa bure. Kama usikilizaji wako wote ni wa vibao vya wiki hii, baki na kutiririsha, usijisumbue na kadi wala diski. Kama unatafuta benga, taarabu au kelele za Kampala, anza na albamu moja ya bei ya chini uone kadi inapita, ndipo ujaze kikapu.