Kitandiko cha Bwawa Dogo la Bustanini: Kipi Ununue Ukiwa Tanga

Bwawa dogo la nyumbani, lisilokusudiwa kufugia samaki wa kula bali kuwapa vyura, kerengende na ndege mahali pa kunywa na kuzaliana, lina kitu kimoja tu cha kununuliwa kwa uangalifu, nacho ni kitandiko kinachozuia maji yasinywewe na ardhi. Mengine hupatikana kwa jembe na kwa ujirani mwema. Katika mwambao wetu kitandiko huuawa na maadui wawili, jua na ncha za mawe ya matumbawe, na kwa kuwaangalia hao ndipo nilipopanga orodha hii.

Chimba kwanza, ununue baadaye. Wengi hununua kipande, kisha hulazimika kupunguza shimo lilingane nacho. Shimo likishakamilika, chukua kamba, ianzie ukingo mmoja, ishuke ikigusa sakafu na kila ngazi uliyoiacha kwa ajili ya mimea, kisha ipande ukingo wa pili. Urefu huo uongeze sentimita 30 kila upande. Shimo la mita 3 kwa 2 lenye kina cha sentimita 60 huhitaji kipande cha mita 4.8 kwa 3.8, yaani ni busara kuagiza mita 5 kwa 4.

Nafasi ya kwanza naipa nailoni nzito nyeusi ya mabwawa, ile ya HDPE ambayo wakulima hutandika kwenye mabwawa ya kumwagilia. Weusi wake si wa urembo, kwani ni masizi yaliyochanganywa ndani ili kustahimili jua. Kwa bwawa dogo lenye mteremko wa taratibu, unene wa milimita 0.5 unatosha na hukunjika kwa urahisi kiasi. Ukikuta jiwe la matumbawe shimoni, nenda milimita 0.75, ingawa ukaidi wake kwenye kona utakutoa jasho. Usiridhike na unene unaotajwa kwa mdomo. Omba kipande kiwekwe kwenye mizani: mita 20 za mraba za milimita 0.5 zina uzito wa kilo 9 na nusu hivi, na za milimita 0.75 hukaribia kilo 14. Ukikuta kilo 6, umeuziwa kitu kingine. Aina hii haishikani kwa gundi ya kawaida na huunganishwa kwa moto na fundi mwenye mashine, kwa hiyo nunua kipande kimoja kizima, na wala usikubali viwili vya bei nafuu.

Ya pili ni turubai zito la PVC, lile la kufunikia mizigo ya malori. Ni laini, hufuata umbo la shimo, na fundi maturubai huweza kuliunganisha na hata kuliziba likitoboka. Kasoro yake ni kwamba ubora hutofautiana mno. Kunja kona, ibane kwa nguvu kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha ikunjue. Mpako ukipasuka na kuonyesha nyuzi, liache hapo hapo dukani.

Mpira wa EPDM ningeuweka wa kwanza kama ningepanga kwa ubora peke yake, kwa maana huvutika, hustahimili jua na hudumu miaka mingi. Lakini kwa mkazi wa Tanga maana yake mara nyingi ni kuagiza mbali na kulipia usafiri wa mzigo mzito, na kwa bwawa la mita 3 sioni faida yake. Nafasi ya tatu inautosha.

Saruji ni ya nne, japo inatengenezwa Pongwe, nje kidogo ya mji. Ardhi ikitulia bwawa hupata ufa, na chokaa yake huyafanya maji kuwa makali kwa viumbe, hata ikabidi yamwagwe na kubadilishwa kwa wiki kadhaa.

Mwisho kabisa ni nailoni ya ujenzi, ile inayotandikwa chini ya zege la sakafu, pamoja na turubai jepesi la bluu. Nailoni ya geji 1000 ina milimita 0.25 tu. Nilianza na hilo la bluu, na masika ya pili hayakuisha kabla sijajuta: asubuhi moja maji yalikuwa yameshuka nusu, na nilipougusa ukingo ukakatika kama maganda makavu ya kitunguu. Watoto wa vyura walikuwa wamejikusanya katika dimbwi lisilozidi sinia.

Chochote utakachochagua, tandika chini yake mchanga uliochekechwa wa sentimita 5, na juu ya mchanga zulia kuukuu la plastiki. Magunia ya katani, ambayo hapa kwetu ndiyo ya kwanza kumjia mtu akilini, huoza ardhini na kuyaacha mawe wazi. Ukingo wote ufunikwe kwa udongo na mawe laini, jua lisiufikie hata wakati wa kiangazi maji yakipungua. Usikate ziada mpaka bwawa lijae, kwa sababu uzito wa maji huvuta kitandiko kuelekea chini.

Jirani wa kwanza atakayechungulia atauliza habari ya mbu, naye ana haki. Kwenye joto letu mbu hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10, kwa hiyo katika miezi ya mwanzo pitisha kichujio cha chai kwenye maji kila wiki. Watoto wa kerengende wakishakaa humo watasaidia kuwala. Samaki wadogo huwala pia, ila huwala na watoto wa vyura, na hapo itakubidi uchague. Mimea usiichukue kwenye majaruba ya mpunga bila kuiosha na kuikagua majani, kwa kuwa konokono wa kichocho husafiri nayo, na gugu maji usilipokee hata ukipewa bure.