"Rudi ukiwa na mimba"

Nyumbani niliahidi kwamba nikiandika maoni na kuipa kliniki nyota, sitatukana. Najitahidi.

Nina kifafa tangu sekondari na kwa miaka nimekuwa nikimeza valproeti. Dawa yenyewe sina ugomvi nayo, imenitunza. Ila miezi kadhaa baada ya harusi nilikwenda kliniki moja hapa Dar kuchukua dozi, nikaomba na foliki asidi, vitamini ya kumkinga mtoto na mgongo wazi. Dada wa dirishani hata hakuinua uso kwenye simu yake. "Una mimba?" Bado. "Hizi ni za wajawazito. Rudi ukiwa nayo." Foleni nzima ikasikia. Mama mmoja nyuma yangu akacheka.

Jamani! Mrija wa neva, ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unajifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Wakati huo mwenye mimba kachelewa siku zake wiki mbili tu, bado anasingizia malaria. Nikirudi "nikiwa nayo", nifuate nini? Mtoto wa mgongo wazi keshapatikana. Na daftari langu analo mbele yake, valproeti, inayozidisha hatari hiyo, imeandikwa kwa wino mwekundu!

Nyota moja, nikaapa. Na hiyo ni ya feni.

Lakini haki niseme. Kijana mmoja mfamasia alinifuata kwenye benchi la nje. Akachukua boksi la dawa yangu, akalizungushia kamba ya barakoa. "Dada yangu, DNA imezungushwa hivi kwenye protini zinaitwa histoni. Hizo zinabandikwa asetili, kikemikali kinacholegeza kamba, halafu kuna vimeng'enya vya kuibandua. Valproeti inavizuia." Akailegeza kamba, ikaning'inia. Jeni zilizotakiwa kufungwa zinabaki wazi, na watafiti wanashuku hapo ndipo ufungaji wa mrija unapovurugika. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia. Wa kunikataza baiskeli walikuwa tele.

Akanipeleka mwenyewe kwa daktari. Nikapewa foliki ya miligramu 5, nikaambiwa hiyo peke yake haifuti madhara ya valproeti, kwa hiyo nahamishiwa lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, polepole. Kuacha ile ya zamani ghafla, marufuku.

Basi nne, kwa ajili ya kijana.

Juzi nimerudi. Kijana kahamishwa. Dirishani yupo yuleyule na simu yake. "Umeshaipata?"

Moja. Narudi kwenye moja.