Miwani ya kuzamia na chusa la mpira: uzoefu wangu, kutoka ziwa Powell hadi Katonga

Miwani nimeitumia miaka mitatu, miwili kwenye maziwa ya Utah, Marekani, na huu wa mwisho nyumbani Kigoma; chusa, yaani mkuki wa kuvulia unaorushwa kwa mpira, nililitumia kule Utah tu. Vijana wa Katonga na Bangwe wakiniona natoka majini huwa wananiuliza nimenunua wapi, bei gani, na kama vinafaa. Naandika yote hapa. Wenye haraka nawapa jibu mapema: ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua miwani. Chusa ni la pili, na kwa ziwa letu la Tanganyika usilinunue kabisa.

Nilikwenda Salt Lake City kusoma. Bahari iko mbali na mji ule, lakini mtaa niliopanga una Wakongo na Warundi wengi, na kwenye duka la jirani ulikuwa unapata mawese, dagaa wakavu na unga wa muhogo. Humo dukani ndimo nilimokutana na kaka mmoja wa Uvira. Amekulia kwenye maji yale yale niliyokulia mimi, ila upande wa pili. Aliponisikia natokea Kigoma hakuuliza habari za masomo, aliuliza, "Mdogo wangu, kuzama unajua?" Nikamwambia nimezaliwa Katonga. "Basi Jumamosi tunakwenda kuwapunguza karpi."

Karpi asili yake ni Ulaya na Asia. Utah aliletwa miaka ya 1880, watu wakitegemea kupata kitoweo cha uhakika. Huyu samaki anakula kwa kuchimbua tope kwa mdomo. Majani ya majini yanang'oka, maji yanachafuka, na samaki wenyeji wanakosa pa kuficha watoto wao. Pale Utah kuna ziwa linaloitwa kwa jina la jimbo lenyewe, na ndani yake kuna samaki anaitwa June sucker ambaye kwa asili hapatikani ziwa lingine lolote duniani. Mwaka 1986 aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Tangu 2009 wavuvi wa nyavu wakawa wanalipwa kuwatoa karpi, wakatolewa kwa mamilioni ya kilo, na mwaka 2021 yule June sucker akashushwa ngazi moja kwenye orodha ile ya hatari. Mimi ni mtoto wa mvuvi, nimezoea kusikia samaki wamepungua. Kusikia kwamba kuna mahali samaki anatakiwa apungue kulinifanya nimwombe kaka anieleze mara mbili. Leseni ya uvuvi lazima ukate na masharti ya eneo uyafuate, lakini idadi ya karpi haina kikomo.

Ziwa Utah lenyewe maji yake ni tope, hapo wengi wanavua kwa upinde wakiwa juu ya boti. Sisi wa kuzama tulikuwa tunakwenda ziwa Powell, safari ya saa tano hivi kwa gari kuelekea kusini. Ni bwawa lililotokana na ukuta wa Glen Canyon, lilianza kujazwa 1963, limelala katikati ya magenge ya mawe mekundu. Kiangazi maji ya juu yana joto zuri, ukizama kidogo unakuta baridi inakukata mbavu, kwa hiyo suti ya kuzamia ni lazima.

Sasa miwani. Siyo zile za mabwawa ya kuogelea zinazofunika macho peke yake. Hii inafunika macho na pua, ina vioo viwili vya kioo kigumu na sketi ya silikoni nyeusi inayokaa usoni. Nililipa dola 45. Pua kuwa ndani ndiyo siri yake. Ukishuka chini, maji yanakandamiza hewa iliyomo kwenye miwani, na usipoiongeza kwa kupumulia puani kidogo, inakufyonza macho hadi yanavilia damu. Zile ndogo za kuogelea hazina pua, huwezi kuzisaidia, kwa hiyo watoto wetu wanaozama nazo kwenye mawe ya Katonga wanaumia bila kujua sababu. Masikio nayo yanataka uibane pua na kusukuma hewa, na sketi ya hii ni laini, vidole viwili vinaishika pua bila shida. Zile mpya zinazofunika uso mzima na mrija juu, ambazo nimeona watalii wanazo, ni za kuelea tu. Usizame nazo, pua huwezi kuibana.

Kabla ya kulipa, fanya hivi: iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mikono. Ikibaki imenata ni yako. Ikianguka, hata kama ni ya bei kubwa, iache dukani. Nilijaribu tano, hii ilikuwa ya nne. Ndevu za juu ya mdomo zinapitisha maji, mimi nilinyoa.

Siku mbili za kwanza ilinisumbua kwa ukungu hadi nikataka kuirudisha. Kaka akaniambia vioo vipya vinatoka kiwandani na utando mwembamba, usipoondolewa mate hayasaidii kitu. Nikavisugua kwa dawa ya meno nyeupe, kwa kidole, nikasuuza, nikarudia mara tatu. Tangu hapo natema mate, napangusa, nasuuza, naona safi saa nzima. Kwa kuona, naipa alama zote.

Chusa ni habari nyingine. Ni fimbo ya aluminiamu ya vipande vitatu vinavyofungwa kwa nati, ukiunganisha inafika kama mita mbili. Kwenye kitako kuna kitanzi cha mpira. Unakipitisha kati ya dole gumba na kidole cha shahada, unasogeza mkono mbele kwenye fimbo mpaka mpira ukaze, unafumba kiganja. Ukikifumbua, fimbo inaruka. Nguvu yake ni ya karibu, mita moja, moja na nusu ukiwa umekaza vizuri. Dola 70, na kwa bei hiyo nilitegemea zaidi.

Lilikuja na ncha ya meno matatu. Muuzaji aliniambia inafaa kwa samaki yeyote wa maji baridi. Si kweli kwa karpi. Gamba la karpi mkubwa lina upana wa sarafu ya shilingi mia mbili na limepangwa kama vigae, na meno yale yanateleza juu yake. Samaki wangu wa kwanza nilimpiga ubavuni, jino moja likaingia, mawili yakapinda, akajipindua na kuondoka na kidonda. Niliumia sana. Hata kama ni samaki asiyetakiwa, kumwacha ajiburure na jeraha siyo uvuvi. Baba yangu angenikemea. Niliandikia duka mara mbili kuhusu ncha ile, sikujibiwa. Nikanunua ncha moja nyembamba ya chuma cha pua yenye ulimi unaojifungua ukishapita nyamani, dola 22 zaidi, na hapo ndipo chusa likawa chusa. Nati za kuungia nazo zinaingia mchanga na kulegea. Kila baada ya mizamo kumi zikaze.

Pia kuna jambo la kulenga. Ukiwa umevaa miwani chini ya maji, kila kitu kinaonekana kama robo karibu zaidi ya kilipo na kikubwa kwa theluthi. Mwanzoni nilikuwa naachia mapema nikidhani nimefika, mkuki unaishia njiani. Na samaki uliyemwona wa kilo tano, juu ya mizani anakuwa wa tatu.

Asubuhi ninayoikumbuka zaidi ni ya mwezi wa sita. Nimelala chini, mita nne hivi, nyuma ya kichaka kilichofunikwa na maji bwawa lilipopanda. Wakaja watatu, wanene, wanatembea taratibu, vile visharubu vyao vinne vidogo kandokando ya mdomo vikipapasa tope. Kila anapofyonza unaona kiwingu kidogo cha vumbi kinapanda, mawe yanagongana ndani ya mdomo, halafu anayatema. Nikangoja wa mwisho anipite kabisa, kwa sababu karpi anapigwa kutokea nyuma na juu, nyuma ya kichwa, ili ncha iingie chini ya magamba badala ya kugonga juu yake. Alikufa pale pale. Kaka alikuwa juu ananiangalia, kama nami nilivyokuwa namwangalia akishuka yeye. Mmoja chini, mmoja juu, siku zote. Wanaozama kwa pumzi wanaweza kuzimia wakikaribia kutoka, bila dalili, na usipokuwa na mtu wa kukushika umekwisha. Na usipumue kwa haraka haraka kabla ya kushuka ukidhani unajaza hewa. Hiyo inaficha tu hamu ya kupumua.

Wenyeji wengi wa kule hawamli karpi, wanamfukia bustanini awe mbolea. Sisi tulimla. Ana miiba midogo yenye matawi ndani ya mnofu, kwa hiyo toa ile nyama nyekundu ya ubavuni yenye harufu ya tope, kisha chanja mnofu kwa kisu kikali, mistari ya karibu karibu, bila kufika ngozini. Ukimkaanga kwenye mafuta mengi miiba inakauka, inatafunika. Tulimla na ugali wa muhogo na pilipili, kaka akanyamaza mpaka sahani ikaisha.

Mapezi ya miguuni ni mazuri, marefu, hayana la kusimulia. Mrija chukua ule wa kawaida usio na vali chini. Wangu una vali, chembe moja ya mchanga ikikaa pale unakunywa maji.

Wakati wa kurudi Tanzania niliviosha vyote kwa maji ya moto na kuvianika wiki tatu. Ziwa Powell lina kome wadogo aina ya quagga, walionekana humo 2013 na sasa wamejaa kwenye kuta za mawe, wanakata vidole kama wembe. Watoto wao hawaonekani kwa macho, wanasafiri kwenye tone la maji lililobaki kwenye kifaa. Boti zinakaguliwa kwa ajili yao. Nimeshaona ziwa lililoharibiwa na kiumbe aliyeletwa, sikutaka niwe mimi wa kuleta mwingine Tanganyika. Yeyote anayekuja na vifaa vya majini kutoka nje, tafadhali, osha na uvikaushe mpaka ndani ya mikunjo.

Chusa nilimwachia kaka. Kabla ya safari nilimpigia simu ofisa uvuvi mmoja wa huku, akanijibu vizuri tu: bunduki ya mkuki ni zana haramu kwetu, na hiyo fimbo yangu pia nisije nayo. Nimesoma maoni ya watu wanaosema Kigoma kungekuwa na utalii mzuri wa mkuki kwa sababu maji ni safi. Maji ni kweli ni safi, siku tulivu unaona mawe mita kumi na tano chini yako, na joto lake halitaki suti. Lakini hatuna karpi wa kupunguza. Samaki wetu wengi hawapatikani ziwa jingine popote, na tunawahitaji. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Boti ya baba ililala mchangani Kibirizi miezi mitatu, nyumbani tulibana matumizi, na wavuvi wengi walivumilia. Siwezi kutoka hapo nikaingia majini na mkuki.

Mwezi uliopita nilishuka mita sita, kusini kidogo ya Katonga, nikakuta samaki wawili aina ya kuhe juu ya mchanga. Kuhe mkubwa unaweza kumsogelea kwa sababu hakimbii, na sababu hiyo niliiona mwenyewe: chini yao kulikuwa na wingu la watoto, kila mmoja kama punje ya mchele. Dume akanijia usoni kabisa, akasimama sentimita chache kutoka kwenye kioo, amefungua mapezi yote. Yeye na mwenzake ndio ulinzi pekee wa watoto wale. Kwa mkuki angekuwa shabaha ya mtoto. Nilirudi nyuma taratibu nikapanda.

Mahali pa kuzama uliza wenyeji kwanza, kila siku, maana viboko na mamba hawana ratiba. Sehemu zenye majani na maji yaliyotuama ziepuke kwa ajili ya kichocho. Na usiende peke yako.

Kasoro moja ya miwani imejitokeza mwaka huu: kibano cha mkanda upande wa kulia kimevunjika. Kigoma sikupata, Mwanga yote nimeizunguka. Nimefunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kinashika vizuri ila kinavuta nywele. Nilipoagiza vibano kutoka Dar nikaongeza na miwani nyingine ya aina hiyo hiyo, saizi ndogo, ya mdogo wangu wa darasa la sita, ambaye kwa sasa anatumia yangu akiwa ameishikilia kwa mikono miwili. Ikifika nitamwekea usoni bila mkanda, avute hewa kwa pua, aachie mikono. Isiponata inarudi Dar.